Godoro la Mteremko

Karakana ya Magodoro,
Chumba cha juu,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. U hali gani wewe, shemeji na watoto? Mimi sijambo, ila usingizi umenipa kisogo. Nimekaa dirishani natazama vumbi la pamba likielea kwenye jua, halina haraka ya kutua popote.

Baba anaumwa. Alikohoa damu, tukampeleka hospitali. Daktari alituonyesha picha ya kifua chake kwenye skrini, nikasahau kuogopa, maana ilikuwa nzuri, matawi meupe yakielea gizani. Kumbe nilikuwa nautazama ugonjwa wenyewe. Njia za hewa, ambazo huzidi kuwa nyembamba zinaposhuka, kwake zimetanuka zikawa mifuko, na makohozi yametuama humo. Mishipa ya damu kando yake imenenepa na kujipinda, nayo ndiyo inayovuja. Chanzo ni nimonia ya utotoni, na njia hizo hazirudi tena zilivyokuwa.

Damu ilipotulia tuliambiwa alale kwa mteremko ili makohozi yatoke. Sisi mafundi godoro, nani wa kutufundisha? Mimi na Mama tukashona godoro nene upande wa kichwa, Baba akalala kama mfalme. Muuguzi alipokuja nyumbani kumwona, alicheka mpaka akashika ukuta. Kichwa ndicho kinachotakiwa chini! "We Kifungo," Baba akaniambia, "ulitaka kunizamisha na mto juu?" Tukaligeuza, akapata nafuu kidogo.

Juzi nikimgongagonga mgongoni alianza kusimulia, amefumba macho, kwamba anatembea ndani ya kifua chake, vyumba vingi, anafungua madirisha. Sikujua kama yuko macho. Nilitamani asimalize.

Sasa lililo zito. Damu imerudi. Alhamisi wanataka kupitisha mrija mwembamba wauzibe mshipa unaovuja, maana ukipasuka tutampoteza. Baba amegoma. Mama amembembeleza hadi amechoka.

Ningekupigia, lakini ningelia tu. Barua namkabidhi dereva wa basi la leo, akufikishie mkononi.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu mmoja mmoja. Mama anakuombea heri.

Jana nilimuuliza Baba kinachomzuia. Akasema, "Naogopa. Mwambie mwanangu aje anishike mkono, nitakwenda."

Kaka, umewahi kumsikia Baba akisema anaogopa? Mungu akufungulie njia, ufike kabla ya Alhamisi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kifungo