Msuli Hausukumi

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo mlima wa Nambis, kupanda na kushuka. Kupanda nilihema kama ng'ombe wa plau. Kushuka — raha, nusura nipae! Mwalimu Patriki, kocha wetu, kasema Jumamosi kwenye mbio za wilaya atapeleka msichana mmoja tu. Mimi au mwenzangu Justina.

Jumanne, 6 Mei
Mapaja ya mbele yanauma! Hata kukaa nashika ukuta. Ajabu: Justina alipanda nami, akashuka akitembea. Haumwi kabisa. Kumbe kinachoumiza ni kushuka?

Nikamkimbilia Madam Mectilda wa baiolojia, nikauliza moja kwa moja. Akadai kwanza shikamoo yake. Kasema msuli hausukumi kamwe, unavuta tu. Ndiyo maana iko miwili miwili: mmoja ukivuta kukunja goti, mwenzake unalegea. Kunyoosha, inabadilishana. Na kushuka? Paja la mbele linavuta huku linarefushwa. Linashika breki. Hiyo ndiyo inayouma.

Nimekunja mkono, nimebonyeza juu, nimebonyeza chini. Kweli! Mmoja jiwe, mwingine ugali.

Alhamisi, 8 Mei
Mazoezi ya kasi. Nimerefusha hatua nimpite Justina — tap! Msuli umevutika nyuma ya paja la kulia. Justina akasimama, akanishika nisianguke.

Madam kaeleza: mguu ukitupwa mbele, msuli wa nyuma ndio unaouzuia. Hatua ndefu, breki kali.

Mama hataki niende. Kasema mguu hauazimwi kwa jirani. Mimi nataka.

Ijumaa, 9 Mei
Nimejaribu kwenye kijia cha shamba la maharage. Hatua fupi — kimya. Ndefu — ai!

Jumamosi, 10 Mei
Mbulu mjini. Naandika nimekaa kwenye nyasi. Mama amekubali, kwa shingo upande.

Mwalimu Patriki kaniuliza, "Veronica, mguu unasemaje?" Nimemwambia ukweli: fupi hauumi, ndefu unauma. Kaenda kwa waamuzi.

Njia ya leo inaishia kwenye mteremko mrefu. Justina anaujaribu. Anajitupa mbele, magoti yamenyooka kama mpini. Ataumia!

"Fupisha hatua! Kunja goti!"

Ilinitoka tu. Kanisikia. Kafupisha — na loo, anashuka kama maji! Sijawahi kumwona hivi. Nimefurahi. Halafu nimekumbuka: nafasi ni moja.

Mwalimu anarudi. Mkononi ana namba moja tu ya kubandika kifuani. Anamtazama Justina. Ananitazama mimi. Ananiita —