Wimbo wa Kulima Hauitikiwi Huku

Dada Hawa,

Salaam kutoka huku mbali. Mmeamkaje hapo Midia? Mguu wa mama umepoa, au bado anaukokota mpaka kisimani na kukataa kusaidiwa? Mimi mzima wa mwili, ila upweke unanitafuna, sikufichi.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa hapa Marekani, nikababaika. Ni shamba la maonyesho. Tunalima tumbaku kama walivyolima wazungu wa kwanza kuhamia huku, au tuseme kama watumwa wao, maana wenyewe jembe hawakulishika sana. Watalii wanalipa kuingia. Mimi navaa shati gumu kama gunia, napalilia, wananipiga picha. Nimepanda ndege kuja kushika jembe lile lile nililolikimbia nyumbani. Cheka tu.

Juzi msimamizi wetu, mama mmoja mpole, aliniomba niimbe nikilima, kwa kuwa watumwa nao waliimba. Nikaanzisha ule wimbo wetu wa kusaidiana shambani, ule unaouongoza wewe huku ukitufokea, "Wavivu iko wapi? Kuja hapa mbele!" Nikaimba mstari wa kwanza, nikangoja kuitikiwa. Halafu watalii wakapiga makofi.

Bibi mmoja, mweusi kama sisi, alibaki nyuma akaniuliza wimbo unasema nini. Nikamweleza: tunamsifu mwenye shamba, moshi tumeuona jikoni kwake, chakula chetu kinapikwa, leo tunamlimia yeye na kesho ni zamu ya mwingine. Akaitazama ile tumbaku.

"Wazee wangu walilima hapa," akasema. "Zamu yao haikufika."

Niliona haya, dada. Nililia mbele yake.

Nimemwambia msimamizi kulima nitalima, lakini wimbo ule siuimbi tena hapa. Amenuna. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na hasemi kama utaongezwa. Najua mmetangaza Koboko nzima kwamba mimi ni mtu mkubwa huku. Nikirudi mikono mitupu, mtanipokea, au mtaona aibu?

Nisalimie mama. Mjomba mwenye duka kule Ludara mwambie viatu alivyoninunulia vimeisha soli. Shemeji naye aache kulala mchana.

Nijibu kwa simu wewe mwenyewe, dada, usimtume mtu. Hata kama jibu ni baya, nitafurahi kusikia sauti yako.

Mdogo wako,
Ismaili