Mdogo Wangu Anayataka Mapigo Yangu, Mimi Mwenyewe Hanitaki

Mama Mshauri,

Shikamoo, na unisamehe kama maneno yanakwenda mbio, maana moyo wenyewe haujatulia. Mimi ni mpiga ngoma, ngoma ya mkono, ya ngozi, na mdogo wangu wa tumbo moja ana studio, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kuta amezibandika magodoro, na huko ndiko tulikorekodi ule wimbo ambao sasa hata kinyozi wangu anaupiga kutwa. Nilipiga mwanzo mpaka mwisho jasho likinitoka, akasema kaka, nitaweka ngoma ya kompyuta chini ya yako iipe uzito tu, nikasema sawa, lakini ngoma mbili hazikupatana, kwa sababu mimi huchelewa kidogo pale mwimbaji anapovuta pumzi, ndivyo nilivyo, basi yangu ikawa inasikika nyuma ya ile ya mashine, tu-dum, tu-dum, kama mtu anayejikwaa mlangoni, na badala ya kuisogeza mashine yake inifuate mimi, akanikata mimi, Mama, pigo moja moja kwenye kioo cha kompyuta, akanipanga sawasawa na mashine, nami nimekaa hapo hapo kwenye kochi nakunywa chai.

Juzi nikaalikwa sherehe, nikaupiga wimbo ule ule, bwana mmoja akanifuata, "Mzee, mbona unachelewa? Yule wa kwenye wimbo yuko vizuri." Yule wa kwenye wimbo ni mimi! Nikarudi nyumbani, nikafungulia redio, nikaanza kujifundisha kupiga kama yule, mpaka mke wangu akaniuliza kama nina homa.

Sasa mdogo wangu amenipigia simu kwa sauti tamu kabisa: "Kaka, njoo Jumamosi unipigie pigo moja moja, la taratibu, la nguvu, la kiganja, la vidole, niyahifadhi kwenye kompyuta, nyimbo zijazo niyapange mwenyewe. Ukimaliza sitakusumbua tena." Sitakusumbua tena! Mtoto niliyembeba mgongoni! Nikikataa, ukoo mzima utasema namwonea kijicho, nikienda nimekwisha. Nifanyeje?

Kaka mtu

*

Kaka mtu,

Marahaba, na pole. Pole ya kweli. Sasa nyamaza unisikilize.

Hiyo chai ilikuwa tamu kiasi gani? Mtu anakukatakata mbele ya macho yako, wewe unakoroga sukari! Mdogo wako alidhani umeridhika, na ningekuwa mimi ningedhani hivyo hivyo. Na hilo la kujifundisha kuiga mashine ndilo limeniudhi zaidi. Watu walikuwa wanakuita kwenye sherehe zao na kuchelewa kwako huko huko, kabla huyo mdogo wako hajajua hata kuwasha kompyuta. Acha leo.

Jumamosi nenda, ila kwenye kochi usikae. Mwambie, "Nakupigia wimbo mzima, halafu wewe sogeza mashine inifuate." Nimemuuliza fundi mitambo wetu wa sauti hapa, amesema ni kazi ya kuchosha, siyo ya kushindikana. Ya mashine ikae chini itoe mshindo, ya kwako ikae juu ngozi isikike. Akikubali, mmepatana. Akisema hana muda, usigombane naye. Kula alichopika shemeji yako, wabebe watoto wao kidogo, uage, urudi na ngoma yako. Ukoo ukisema kijicho, useme mpaka uchoke.

Sitakudanganya kwamba atakulilia. Huenda akapata mapigo ya mtu mwingine, nyimbo zikapendwa vile vile, na utaumia sana. Lakini mikono yako utakuwa nayo. Ukimwachia pigo moja moja, usije ukaniandikia tena kuniuliza, "Mbona mdogo wangu hanitafuti?" Alishakuambia kwamba hatakusumbua.