Glasi Nne za Mwalimu

Shoga, uko wapi? Acha unachofanya usome hii. Nimeaibika mpaka natamani kuhama mji.

Si unajua leo tulikuwa maktaba, waandishi wanawake wanne jukwaani, na yule mwalimu wangu wa zamani, mwanamume pekee jukwaani, anatuuliza maswali? Akaniomba nisome kitabu changu. Nikachagua pale penye moto: "Mwanamke aliyekaa haondoki kitini kwa sababu tu mwanamume ana kiu."

Makofi! Kichwa kikanivimba.

Makofi hayajaisha, mwalimu akakohoa. Kikohozi cha kusafisha koo tu, shoga. Kidogo!

Tukainuka WOTE WANNE.

Wote wanne! Mwenzetu mshairi kaipiga kumbo meza, mimi namimina maji mbiombio, maiki iko wazi, ukumbi mzima unanisikia: "Pole mwalimu, kunywa taratibu." Glasi nne mbele yake. Nne! Na yeye anatutazama tu, chupa yake ya maji iko mkononi.

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Lakini hilo halikunimaliza. Kilichonimaliza ni mama, kiti cha mbele kabisa. Unamjua mama, mgeni akipiga chafya tu yeye keshafika jikoni. Nimemfuata nje nikitegemea pole.

Akanishika mkono. "Mwanangu, alipokohoa miguu ilitaka kuinuka. Nikakumbuka maneno yako, nikang'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Kuinua macho, nakuona wewe huyo, mbio na glasi."