Wingi Umepanda

Ijumaa, 4 Julai
Nimekuna mihogo, nimeikamua, maji nimeyaacha yatulie nipate wanga wa uji. Mgongo unauma. Zaina kaja na basi la jioni kutoka Korogwe, huko maabara anakopima malaria. Kakonda. Nimemuuliza, ugali wa huko mnakula kwa macho? Kacheka tu. Mjukuu wangu huyu nimemlea mimi tangu mama yake afe.

Jumamosi, 5 Julai
Nimesikia kwa masikio yangu. Yuko uani na simu, anaongea na mwenzake wa kazini. "Wingi wa virusi vyangu umepanda, shoga. Safari hii sijavipoteza." Na anacheka.
Virusi vyangu.
Maneno hayo nayajua, kliniki wanayasema kila siku. Wingi unatakiwa ushuke. Virusi ndivyo vilivyomuua mama yake. Mimi nilimwogesha, mimi nilimvika sanda. Neno hilo humu ndani halitajwi.
Na kamwambia mtu baki kabla yangu. Sikula. Nimesingizia tumbo.

Jumapili, 6 Julai
Nimemuuliza bila kuzunguka. Dawa umeanza lini? Katoa macho. Kacheka, halafu kalia.
Si mgonjwa. Alhamdulillah. Ila malaria hapimi, hajawahi kupima. Tangu aanze kazi ananidanganya. Anatengeneza virusi vilivyoondolewa ubaya, vya kubebea chanjo. Vinakuwa vichache kwenye maji mengi, basi wanavizungusha na mashine kwa nguvu. Chini ya kichupa wanatanguliza maji ya sukari. Virusi vinayapenya, uchafu unabaki juu. Maji wanamwaga. Kinachoganda chini ndiyo mali.
"Sasa hiyo si kama wanga?"
"Ndiyo, bibi."
"Ulidhani sitaelewa?"
"Sikuogopa hilo. Ulishakataza neno lenyewe, bibi. Ningekwambiaje?"
Nimemwambia afunge begi lake. Uongo ni uongo, lawama usinitupie mimi. Shikamoo yake ya kuondoka sikuiitikia.

Jumatano, 9 Julai
Nyumba kimya. Hajapiga, sijapiga. Hasira bado ninazo.
Jana nilikuna mihogo mingine. Asubuhi nimemwaga maji polepole, wanga umebaki chini, mweupe, umeshikana. Nimeuangalia sana.
Nikalisema, peke yangu jikoni. Virusi.
Kuku wameendelea kudonoa. Nikalisema tena, kwa sauti.