Usiende Kufua Leo

Mwanangu,

Usiende kazini. Ndoo zote nimejaza, uji uko jikoni umefunikwa. Mtoto akilia, mdogo wako ambebe. Nesi alisema usinyanyue kitu kizito mpaka kidonda kipone, na huyo mwanao ni mzito kama baba yake alivyo mzito wa kuamka.

Asubuhi ulipokuwa umelala alikuja msimamizi wenu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Nikamwambia umefunga kizazi juzi, tena hospitalini kwao hapo hapo. Akanijibu, "Mzee, likizo ni ya anayezaa. Huyu kafunga kwa hiari yake. Asipofika leo, nafasi yake ina wengi wanaoingoja."

Eti ungewaletea mtoto wa sita wangekupumzisha miezi mitatu. Na ukutani wamebandika picha za uzazi wa mpango.

Wakubwa wa pale ni wale wale. Mama yako aliwaomba wamfunge kizazi alipomzaa mdogo wako. Wakamwambia bado kijana, arudi baadaye. Akarudi na mimba nyingine, wakamtoa kwenye machela amefunikwa uso.

~~Nimekwenda kumpiga msimamizi wenu.~~ Nimekwenda kufua mashuka badala yako. Tangu mama yako afe nafua mwenyewe, mikono imezoea. Wakinifukuza nitakaa mlangoni kwao, wagonjwa wanione.

Kisha huyo msimamizi anasema eti hatakuamini mpaka akione kidonda, kidonda walichokipasua wenyewe ghorofani hapo hospitalini. Wewe kifunike, ulale. Akitaka ushahidi, nitampeleka kaburini kwa mama yako.

Baba yako