Jalada Kavu

Mdogo wangu mpenzi,

Kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na moja, nami sitaki kuzikwa nalo. Hali yangu si njema. Mkono unatetemeka mpaka kijiko cha uji kinagonga meno. Binti yako anayeniuguza hunitania: "Mjomba, leo tena ngoma?"

Unaikumbuka kazi yangu ya ukarani mahakamani. Shahidi akija kuapa, mimi ndiye niliyemshikia kitabu kitakatifu, kisha nikafuta jasho la kiganja chake kwenye jalada. Siku moja bibi asiyejua kusoma alitetemeka mno. Nikamwambia, "Bibi, kitabu hakiumi." Akajibu, "Siogopi kitabu, mwanangu. Namwogopa Mwenyewe." Watu wakacheka, nami msomi nikacheka kuliko wote. Leo naona yule bibi alikwisha kuingia darasa la hekima, na mimi sikuwa nimefika hata mlangoni.

Mafaili ya kesi yalipopotea stoo, alishtakiwa mumeo, mlinzi wetu pale mahakamani. Safari hiyo shahidi aliyeapa nilikuwa mimi. Alipofia gerezani, uliniambia msibani, "Kaka, sikulaumu. Wewe unamcha Mungu, usingeapa uongo." Neno hilo limenichoma kuliko tusi lolote.

Niliapa kwamba nilimwona akitoka na mafaili. Nilipoinua mkono kutoka kitabuni, jalada lilikuwa kavu kabisa.

Mdogo wangu, sikumwona. Funguo zilikuwa kwangu, na aliyeyatoa mafaili yale ni mimi.

Kaka yako